Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni wa Reading: mapipa, mabasi, majirani na mwewe

Reading (itamke Reding) ni mji wa Berkshire, magharibi ya London, pale mto Kennet unapoingia Thames. Waswahili tuko hapa wa kila aina: wauguzi, walezi wa wazee, wanafunzi wa chuo kikuu, madereva, watu wa kompyuta, na watoto waliozaliwa hapa ambao unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Maswali ya viza na kazi yana wataalamu wake. Hapa tumekusanya yale madogo ambayo hayamo kwenye mkataba wa kazi wala kwenye barua ya chuo, lakini ndiyo yanayompandisha mtu hasira Jumanne asubuhi.

Utaona jambo moja linajirudia. Huku mtu hakufokei. Ukikosea, utaandikiwa: kibandiko kwenye pipa, kikaratasi kwenye kioo cha gari, kadi mlangoni, bahasha yenye dirisha la plastiki. Baadhi ya karatasi hizo zina meno na nyingine hazina, na mgeni hawezi kuzitofautisha kwa kuziangalia tu.

Kwa nini pipa langu limeachwa limejaa, na ya majirani yote yamebebwa?

Ama umetoa pipa la wiki nyingine, ama umechanganya vitu. Halmashauri ya Reading inatoa pipa la kijivu la takataka za kawaida na pipa jekundu la vitu vya kurejelezwa, yaani karatasi, maboksi, makopo na chupa za plastiki. Wiki moja linachukuliwa hili, wiki inayofuata lile. Mabaki ya chakula yana pipa lake dogo na huchukuliwa kila wiki, utaratibu ulioanza 2021. Pampers ni za pipa la kijivu, hata pakiti yake iwe imeandikwa maneno mazuri namna gani kuhusu mazingira. Boksi la piza lililolowa mafuta nalo ni la kijivu. Kuhusu chupa za kioo, kwa miaka mingi hazikuruhusiwa kwenye pipa jekundu, zilipelekwa kwenye makontena ya chupa karibu na maduka makubwa. Utaratibu wa England nzima unabadilika, kwa hiyo fuata kipeperushi cha karibuni kabisa cha halmashauri, usifuate alichokuambia binamu yako wa Slough.

Toa pipa usiku wa kuamkia siku ya kuchukuliwa, mpini ukielekea barabarani, na ulirudishe siku hiyohiyo. Wengi wanachungulia jirani ametoa rangi gani kisha wanaiga. Ni njia nzuri mpaka siku ya sikukuu, ratiba inaposogea, na mtaa mzima unafuata kosa la mtu wa nyumba ya kwanza.

Wapishi wa Kiswahili, lile pipa dogo la chakula ni letu hasa: maganda ya ndizi, mifupa, vichwa vya samaki. Lifunge kwa kuinua mpini wake hadi ukaze. Usipofanya hivyo mbweha atafungua kila kitu usiku na asubuhi utayakuta mabaki ya samaki wako kwenye bustani ya mtu mwingine. Na ukisikia kilio cha kutisha nje saa nane za usiku mwezi wa Januari, kama mtoto anayeumizwa, usikimbilie simu ya polisi kabla ya kuchungulia dirishani. Mara nyingi ni hao mbweha, ndiyo majira yao ya kutafutana.

Yule ndege mkubwa anayezunguka juu ya nyumba ni nani, na mbona amenyakua sandwichi ya mwanangu?

Ni mwewe mwekundu, mwenye mkia uliogawanyika na mabawa yanayofika karibu mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha. England walikuwa wamekwisha kwa kuwindwa. Kati ya 1989 na 1994 waliletwa wengine kutoka Hispania wakaachiliwa kwenye vilima vya Chilterns, kaskazini ya mji huu, nao wakazaana kuliko ilivyotarajiwa. Kwa kawaida hula mizoga. Waliopo hapa mjini wamezoeshwa vibaya na watu wanaowarushia nyama bustanini kwa ajili ya kuwatazama. Jirani mmoja anawatupia kuku, jirani wa pili anaokota mifupa juu ya paa la gari lake, na hakuna anayemwambia mwenzake neno.

Sisi tuliolelewa na bibi waliokuwa wakimfukuza mwewe ili asichukue vifaranga hatuelewi mtu kumkaribisha kwa hiari. Lakini ndege huyu analindwa na sheria. Kumpiga au kumvunjia kiota ni kosa la jinai. Mtoto akila nje, akae chini ya mti au chini ya mwavuli.

Basi limenipita nikiwa nimesimama kituoni. Ni ubaguzi?

Swali hili tunaulizwa kwa uchungu, kwa hiyo tunalijibu kwa uangalifu. Mara nyingi sababu ni kwamba hukunyoosha mkono. Kituo kimoja kinapitiwa na mabasi ya njia kadhaa, na dereva akiona mtu ameinamia simu anadhani anangoja jingine. Nyoosha mkono mapema, ukiwa umesimama mahali unapoonekana. Ikiwa ulinyoosha na likapita lina nafasi, andika namba ya njia, saa na jina la kituo, kisha lalamika kwa maandishi. Malalamiko yenye saa na mahali hushughulikiwa, yasiyo na hayo hupewa pole tu.

Kampuni ya Reading Buses inamilikiwa na halmashauri yenyewe, jambo ambalo si la kawaida England, na njia zake hujulikana kwa rangi: 17 ni zambarau, 21 ya kwenda chuo kikuu ni nyekundu iliyoiva. Hakuna konda. Unaingia mlango wa mbele, unagusisha kadi ya benki au simu, unakaa. Kikomo cha nauli ya safari moja England ni £3 tangu Januari 2025. Kabla ya hapo kilikuwa £2. Ukishuka mshukuru dereva kwa sauti. Mji huu ambao watu wake hawazungumzi ndani ya basi hupaza sauti zote wakati wa kushuka. Ile nafasi ya kati, aliye kwenye kiti cha magurudumu anatangulia kuliko mwenye kigari cha mtoto, hivyo uwe tayari kukikunja.

Nimegusisha kadi ya Oyster (ile ya nauli za London) kwenye stesheni ya Reading na lango limenikatalia.

Oyster inaishia West Drayton, stesheni ya ukingoni mwa London. Reli ya Elizabeth inafika hadi Reading, mabehewa ni yaleyale ya London na ramani ni ileile, ndiyo maana watu wananaswa. Kutoka hapa tumia kadi ya benki au simu, au kata tiketi. Na ukiingilia London kwa Oyster huku unakuja Reading, lango halitakuonya kule, utaonywa huku. Faini kwenye treni za England ni £100 pamoja na nauli, na hupungua hadi £50 na nauli ukilipa ndani ya siku 21.

Treni ya moja kwa moja ya kampuni ya GWR hufika Paddington, London, kwa dakika 25 hivi. Ya Elizabeth husimama kila mahali, hivyo mpaka katikati ya London hesabu karibu saa nzima. Treni ya GWR ikichelewa dakika 15 au zaidi, dai fidia kwenye tovuti ya kampuni. Watu wetu wengi hawadai, eti ni pauni chache. Pauni chache za kila juma zinalipa bili ya simu.

Jirani ananiuliza hali, nikianza kujibu ameshaingia ndani. Nimemkosea nini?

Hujamkosea. Anakujulia hali kama kijana wa Dar anavyosema "mambo", na anategemea "poa" yako hata kama una homa. Habari za wazee, mazao na safari hazimo. Zungumzeni hali ya hewa, paka, na ule ujenzi wa barabara usiokwisha. Mshahara, umri, na kwa nini hajapata mtoto, achana navyo kabisa. Kugonga mlango bila taarifa ili "kumwona tu" pia humtia mtu wasiwasi. Atafikiri nyumba inaungua.

Msiwahukumu haraka, lakini. Ni watu hawahawa watakaokurudishia pipa ndani ukiwa kazini, kimya kimya. Na Reading ina jamii kubwa ya watu wenye asili ya Barbados. Ukimpata mzee wa huko kuwa jirani yako umebarikiwa: atakusimamisha njiani, atakuuliza umetoka nchi gani na mama hajambo, na usipoonekana siku mbili ataulizia.

Nimekuta kikaratasi kwenye kioo cha gari kinasema nisiegeshe mbele ya nyumba ya mtu. Nilipe?

Hapa ndipo karatasi zinapotofautiana, kwa hiyo soma nani ameandika.

Kama ni mwandiko wa mkono, hakina nguvu ya kisheria. Barabara ya umma haina mwenyewe, hata mtu akiegesha pale tangu mwaka 1990. Isipokuwa umeziba ukingo ulioshushwa wa kuingilia uani kwake. Hapo umekosa na unaweza kutozwa. Hata ukiwa na haki, ni busara kusogea siku inayofuata, maana utaishi naye miaka.

Kama ni notisi ya halmashauri, ina meno. Lipa ndani ya siku 14 upate nusu, au pinga kwa maandishi mapema ukiwa na picha. Mitaa mingi ya karibu na katikati ya mji ni ya vibali vya wakazi, na wageni wako wa Jumapili wanahitaji vibali vya wageni ambavyo wewe unaviomba halmashauri kabla hawajafika. Njia za mabasi nazo zina kamera. Aliyezoea kuona magari ya wakubwa yakikatiza kwenye njia ya mwendokasi ajue kwamba hapa picha inafika nyumbani kwa posta, ikiwa na saa na namba ya gari.

Aina ya tatu ni ya kampuni binafsi kwenye maegesho ya maduka. Imechorwa ifanane na faini ya serikali, rangi za njano na nyeusi, maneno makali. Kisheria hilo ni dai la mkataba. Usiitupe, kwa sababu wanaweza kukupeleka mahakama ya madai. Pinga kwanza kwa kampuni, kisha kwa chombo huru cha rufaa ambacho lazima wakitaje kwenye jibu lao. Ukiwa na risiti ya ununuzi wa siku hiyo, ambatisha.

Barua za leseni ya televisheni haziishi. Mimi sina hata televisheni.

Hukumu haiko kwenye kifaa, iko kwenye unachotazama. Unahitaji leseni ukitazama au kurekodi matangazo ya televisheni yanapokwenda hewani, kwa chombo chochote, pamoja na simu, au ukitumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni. Waswahili wengi hawajui kwamba chaneli za nyumbani zimo pia: ukifungua taarifa ya habari ya Citizen au TBC moja kwa moja kwenye YouTube, sheria inakuhesabu. Ukiitazama baadaye ikiwa imepakiwa, haikuhusu. Leseni ni zaidi ya £170 kwa mwaka.

Kama kweli huhitaji, jaza tamko kwenye tovuti yao na barua zitapungua kwa muda. Mkaguzi akija, huna lazima ya kumfungulia. Kuingia kwa nguvu anahitaji kibali cha mahakama. Zile herufi nyekundu kwenye bahasha ni za kutisha tu.

Na kodi ya halmashauri?

Hiyo usiichezee. Ukiishi peke yako omba punguzo la asilimia 25. Nyumba ikiwa ya wanafunzi wa muda wote watupu, haitozwi, lakini lazima mpeleke uthibitisho wa chuo. Mara nyingi hulipwa kwa awamu kumi, Aprili hadi Januari. Ukiruka awamu na kupuuza barua za kukumbushwa, unapoteza ruhusa ya kulipa kidogo kidogo, unadaiwa ya mwaka mzima, na wito wa mahakama unaongezewa gharama zake.

Ukuta wa chumba cha kulala umeota ukungu mweusi. Ajenti anasema ni sababu ya kupika kwetu.

Swali hili linakuja kila Novemba, na lina mambo mawili ndani yake.

La kwanza ni fizikia. Nyumba nyingi za hapa ni za matofali za enzi ya Malkia Victoria, mistari mirefu ya nyumba zilizoshikana, zilizojengwa zikiwa na meko ya makaa na madirisha yanayopitisha upepo. Meko yamezibwa, madirisha yamewekwa vioo viwili, na unyevu hauna pa kutokea. Watu wanne wakilala, wakioga, wakichemsha maharage saa mbili na wakianika nguo juu ya hita, maji hayo yote yanatafuta ukuta wa baridi yakatue. Kwa hiyo funika sufuria, washa feni ya jikoni na ya bafuni, fungua dirisha dakika kumi asubuhi hata kama kuna baridi, sogeza kabati mbali kidogo na ukuta wa nje. Hita ndogo ya wastani kwa muda mrefu ni bora kuliko kuunguza saa moja halafu kuzima. Aliye na mita ya kulipia kabla, ile inayofanana na LUKU yetu, anajua kwa nini ushauri huu ni rahisi kuutoa na mgumu kuufuata. Kikomo cha bei ya umeme na gesi hubadilishwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, kila miezi mitatu, kwa hiyo angalia kabla ya Januari.

La pili ni sheria. Ikiwa paa linavuja, mfereji wa mvua umeziba, feni ni mbovu au boila haifanyi kazi, huo ni wajibu wa mwenye nyumba chini ya sheria ya 1985, na pilau yako haihusiki. Usipige simu. Andika barua pepe yenye tarehe na picha, na urudie baada ya wiki mbili. Asipojibu, ripoti kwa idara ya makazi ya halmashauri, ambayo inaweza kutuma mkaguzi. Wengi wetu tunanyamaza tukiogopa kufukuzwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini sheria ya haki za wapangaji ya 2025 inafuta, kuanzia 1 Mei 2026, utaratibu wa kumtoa mpangaji bila kutaja sababu. Amana yako nayo haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano ikiwa kodi ya mwaka haifiki £50,000, na lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30. Uliza cheti chake leo, kabla hamjagombana.

Kumwona daktari nipige saa ngapi?

Saa mbili kamili asubuhi, dakika ile ile, na utakuta uko wa 23 kwenye foleni ya simu. Tangu Oktoba 2025 kliniki zinatakiwa kuacha wazi njia ya maombi ya mtandaoni saa zote za kazi, kwa hiyo jaribu huko kwanza kwa jambo lisilo la dharura. Kujiandikisha kliniki hakuhitaji uthibitisho wa anwani wala hati ya ukaazi. Mtu wa mapokezi akikudai, mwombe kwa upole aulize kwa meneja.

Duka la dawa linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwisho wa Januari 2024 mfamasia anaweza kutibu mwenyewe koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi, njia ya mkojo kwa wanawake na magonjwa mengine machache, bila kupitia kwa daktari. Dawa ya cheti ni £9.90 kwa kila aina, na bure kwa watoto, wajawazito na waliotimiza miaka 60. Usiku piga 111. Ikiwa ni maisha, 999.

Giza hili la saa kumi jioni litaisha lini?

Mwishoni mwa Desemba jua linazama Reading karibu saa kumi jioni. Mwishoni mwa Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Sisi tuliozoea jua linalotoka na kuzama kwa saa zake mwaka mzima, hata tukaanza kuhesabu saa kutokana nalo, tunapata taabu kweli. Unamwambia mtoto "saa kumi na mbili jioni" na nje ni usiku wa manane. Saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti na Nairobi au Dar ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. Kwa Goma na Lubumbashi ni mbili na moja. Mkumbushe mama, atafikiri umechelewa kumpigia makusudi.

Idara ya afya inashauri mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Ni bei ndogo, nunua. Wanaofunga, miaka hii Ramadhani inaangukia siku fupi na watu wanapumua. Waliofunga 2015 na 2016 hapa, Juni hadi Julai, bado wanaisimulia.

Kwa nini bomba la moto na la baridi ni mbalimbali, na swichi ya bafuni ni kamba?

Zamani maji ya moto yalitoka kwenye tangi la darini ambalo lingeweza kuingia uchafu, hivyo hayakuruhusiwa kuchanganyika na maji safi ya bomba. Kamba ni kwa sababu umeme na mikono iliyolowa havipatani. Habari njema: plagi ya pini tatu ni ileile ya Kenya, Tanzania na Uganda. Pasi yako itafanya kazi.

Jumapili saa moja usiku nimekuta duka kubwa limefungwa.

Sheria ya 1994. Duka lenye zaidi ya mita za mraba 280 linaruhusiwa saa sita tu siku ya Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Duka dogo la kona halibanwi. Unga mweupe wa mahindi, mihogo na ndizi mbichi utavitafuta kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, Oxford Road uanzie hapo.

Milipuko ya Novemba ni nini?

Fataki, kukumbuka njama ya kulipua bunge tarehe 5 Novemba 1605. Miaka mingi zinaanza Oktoba kwa Diwali na haziishii tarehe 5, zinaburuzwa mpaka wikendi inayofuata. Kisheria mwisho ni saa tano usiku, ila tarehe 5 yenyewe ni saa sita, na Diwali na Mwaka Mpya ni saa saba. Kwa jamaa waliotoka Kivu na Ituri hili si jambo la kucheka. Wapo wanaojificha chini ya meza. Waambieni mapema tarehe zake, na mkae nao jioni hiyo. Kwa upande wetu tungefurahi zikibaki kwenye maonyesho ya pamoja tu.

Tuna sherehe ya kumpongeza mtoto. Muziki mwisho saa ngapi?

Nyumbani, saa tano usiku uwe umepunguza hadi jirani asisikie maneno ya wimbo. Zile spika za harusi hazifai nyumba iliyoshikana na nyingine. Ukuta ni tofali moja. Siku tatu kabla, tia kikaratasi kwenye milango ya majirani ukitaja tarehe, saa ya kuisha na namba yako ya simu. Ndiyo, sisi nasi tunaandika. Ukipeleka na sahani ya sambusa utashangaa. Watu wakizidi arobaini kodi ukumbi wa kanisa au wa jamii, na uulize kama wanaruhusu jiko la kukaangia.

Kifurushi kimeandikwa "kimefikishwa" na mimi sijakiona.

Tazama kwanza nyuma ya pipa jekundu, kisha uliza nyumba tatu kila upande. Kisipopatikana, mdai aliyekuuzia, siyo msafirishaji. Kwa sheria ya 2015 mali ni jukumu la muuzaji mpaka ikufikie wewe, au mtu uliyemtaja. Muuzaji akikwambia umfuate msafirishaji, mjibu kwa maandishi kwamba mkataba wako ni naye.

Mwisho wa Agosti mji umejaa vijana wenye matope na mahema. Kuna nini?

Tamasha la muziki la Reading, kila mwaka kwenye wikendi ya sikukuu ya mwisho wa Agosti, kule Richfield Avenue kando ya Thames. Wengi wametoka kupokea matokeo ya mitihani mwezi huohuo. Epuka stesheni Jumatatu asubuhi, na usipange kuhama nyumba.

Je, ni kweli yule simba wa sanamu wa bustani ya Forbury anatembea vibaya?

Utaambiwa kwamba mchongaji alijiua baada ya kugundua miguu ya simba haiko sawa. Uongo. George Blackall Simonds aliishi hadi 1929, na sanamu ilizinduliwa 1886. Inawakumbuka askari 329 wa kikosi cha Berkshire waliokufa Afghanistan, wengi wao kwenye vita vya Maiwand vya 1880. Wenyeji wanapenda kutuuliza sisi, kama watu wa kutoka kwa simba. Jibu kwa uso mkavu kwamba hujawahi kumwona akitembea, ulikuwa unakimbia.

Na usiuite Reading jiji mbele yao. Mji umeomba hadhi hiyo mara kadhaa, mara ya mwisho 2022, ukanyimwa huku Milton Keynes ikipewa. Ni kidonda.

Nani hasa wa kumlalamikia, na je, mimi mgeni nina sauti?

Mapipa, mashimo ya barabarani, maegesho, kelele na makazi mabovu ni ya halmashauri ya Reading. Lakini ukiwa Woodley au Earley, uko Wokingham, hata kama basi lako linaandikwa Reading. Ingiza msimbo wako wa posta kwenye tovuti ya serikali kabla ya kupoteza wiki kwa watu wasio wako. Ripoti mtandaoni, hifadhi namba ya kumbukumbu. Zikipita wiki kadhaa bila kitu, mwandikie diwani wa kata yako. Anapatikana kuliko diwani wa kwetu, na kata ni ndogo.

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi hapa kihalali wanaweza kujiandikisha kupiga kura, za mitaa na za bunge, kwa kuwa nchi zao zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Wa Kongo, Burundi na Oman hawamo mpaka wapate uraia. Kujiandikisha kunafanyika mtandaoni kwa dakika chache na kunasaidia pia rekodi yako ya mikopo. Tangu 2023 kituoni unatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubaliwa. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, hivyo hata mtu wa zamu ya mchana anawahi.